Ahadi kwa Waliopoteza Kazi

Msomaji, mwaka 1962 Rais John Kennedy wa Marekani alitaka kupunguza ushuru wa forodha ili nchi yake ifanye biashara zaidi na Ulaya. Alijua ya kuwa bidhaa za ng'ambo zikiingia kwa bei rahisi, baadhi ya viwanda vya nyumbani vitafungwa. Basi sheria ile ilimwahidi mfanyakazi atakayeachishwa kazi kwa ajili hiyo malipo ya asilimia 65 ya mshahara wake kwa majuma 52, mafunzo ya kazi nyingine, na gharama za kuhama. Kwa kuitegemea ahadi hiyo, vyama vya wafanyakazi viliiunga mkono sheria.

Sasa tazama masharti yake. Fundi wa viatu hakupata kitu mpaka ithibitike mbele ya Tume ya Ushuru kwamba bidhaa za kigeni ziliongezeka hasa kwa sababu ya kupunguzwa ushuru, na kwamba hizo hasa ndizo zilizomtoa kazini, si mashine mpya wala usimamizi mbaya. Nani awezaye kuyapambanua hayo? Hata mabingwa wa uchumi hubishana. Mpaka mwaka 1969 ulipokaribia kwisha, halikukubaliwa ombi la wafanyakazi hata moja!

Bunge lililegeza masharti mwaka 1974. Walakini vyama vile vilikuwa vimekwisha kugeuka. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 vilidai bidhaa za kigeni zizuiwe, na ahadi mpya haikuvirudisha.