Porojo za Mtandaoni: Zilitoka Wapi, na Zilitufikisha Wapi

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini juma lililopita nilipata kisa cha kuandika. Nilikuwa nikisafisha diski ngumu ya zamani nikakuta folda moja ambayo nimekuwa nikiihamisha kutoka mashine hadi mashine tangu enzi za disketi. Ndani yake mna kumbukumbu za gumzo: faili za maandishi matupu, kila mstari una saa, lakabu ya msemaji na alichosema. Za kwanza ni za mwaka 2003. Ya mwisho ni ya Januari 2008.

Nilizisoma hadi chai ikapoa. Machi 2003 kuna majonzi tele kwa sababu E-Sir amefariki ajalini. Februari 2004 watu wanalia miguu. Sheria za Waziri John Michuki zimeanza kutumika, matatu zisizo na mikanda wala vidhibiti mwendo haziwezi kuingia barabarani, na nusu ya jiji imetembea kwenda kazini. Katikati kuna mengine yote: mtangazaji gani wa redio ameachana na nani, bei ya unga, nani ana mafua, Arsenal watafungwa lini. Mke wangu alichungulia skrini akauliza, "Haya ndiyo uliyokuwa ukilipia saiba?"

Ndiyo, ndiyo haya. Na swali lake likanifanya nirudi nyuma kutafuta porojo hizi zilianzia wapi. Ukifuatilia utakuta jambo moja linajirudia: mashine inaundwa kwa ajili ya kazi, watu wanapata upenyo wa kuongea, na muda si mrefu imegeuka baraza.

Tuanze mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kulikuwa na mfumo wa tarakilishi ulioitwa PLATO, na kazi yake ilikuwa kufundishia. Mwanafunzi aliketi mbele ya skrini ya rangi ya machungwa akajibu maswali ya hesabu au kemia. Mwaka huo kijana mmoja, Doug Brown, akaandika programu iliyoitwa Talkomatic. Skrini iligawanywa vipande, kila mtu na kipande chake, hadi watu 5 katika chumba kimoja. Hakukuwa na kubonyeza "tuma": kila herufi ilionekana papo hapo ilipochapwa, pamoja na makosa yako yote. Waliokuwa wameketi vyumba mbalimbali, bila kuonana, wakaanza kuzoeana kwa namna ya mtu anavyochapa. Tazama mwaka tena: 1973. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na gumzo la watu wengi mtandaoni lilikuwa tayari lipo.

Twende 1980. Kampuni ya CompuServe ilikuwa ikiwauzia watu wa kawaida nafasi katika tarakilishi zake kubwa, hasa nyakati za jioni ambapo wateja wa kibiashara walikuwa wamelala. Mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Alexander Trevor, aliandika programu akaiita CB Simulator. Jina alilitoa kwenye redio za CB ambazo madereva wa malori Marekani walitumia kuambizana polisi wako wapi. Kwenye redio zile hukutumia jina lako halisi, ulijipa lakabu. Trevor alihamisha desturi yote mtandaoni: masafa 40 na lakabu. Watu walilipa kwa saa ili waongee na wasiowajua kuhusu mambo ya siku, na mwaka 1983 tayari kulikuwa na harusi iliyofanyika humo kwenye gumzo. Msomaji wangu wa saiba, unaona? Si sisi tulioanza kulipia porojo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Strasbourg, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gazeti la huko lilikuwa na huduma ya majaribio iitwayo Gretel, ambapo watu walisoma habari na matangazo madogo kupitia kifaa kilichounganishwa na simu. Wasimamizi waliweka njia ya kumtumia mtumiaji ujumbe iwapo amekwama. Mtu mmoja mjanja akagundua jinsi ya kuitumia njia hiyo ya msaada kuwaandikia watumiaji wengine, nao wakajibu! Mwanya ulipogunduliwa, wasimamizi waliona watu wanaufurahia kuliko habari zenyewe, wakaugeuza kuwa huduma rasmi. Jambo hilo likaenea kote Ufaransa kupitia Minitel, mtandao ambao serikali iliusambaza kwa kugawa vifaa bure ili watu watafutie nambari za simu. Minitel ilizimwa tarehe 30 Juni 2012, na Wafaransa wengi ukiwauliza wanachokumbuka, hawatakutajia kitabu cha simu.

Sasa tufike kwenye chumba chetu wenyewe. Majira ya joto ya mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu kaskazini mwa Finland, Jarkko Oikarinen alikuwa akisimamia mashine moja ya idara na hakuwa na kazi nyingi. Kufikia mwisho wa Agosti alikuwa ameandika IRC. Kwanza ilitumika hapo Oulu, kisha vyuo vingine vya Finland, kisha ikavuka bahari hadi Denver na Oregon. Itifaki yake iliandikwa rasmi Mei 1993 na Oikarinen pamoja na Darren Reed, na kwa sisi waandishi wa programu inapendeza kwa udogo wake. Ujumbe mmoja hauzidi baiti 512. Lakabu haikuzidi herufi 9. Jina la chumba kwa kawaida huanza na alama ya #. Wenye chumba wana alama ya @ mbele ya lakabu zao, na mwenye alama hiyo anaweza kumfukuza mtu kwa amri ya mstari mmoja. Ikumbuke alama hiyo, nitairudia.

Seva za IRC zimeshikana kama matawi ya mti, bila mzunguko. Tawi likikatika, mtandao unapasuka mara mbili, na unaona majina ishirini yakitoweka kwa mpigo kama waliokosana nawe. Baada ya dakika kadhaa wanarudi, kila upande ukidai ni wenzao walioondoka. Aliyewahi kuingia IRC anacheka hapa.

Udogo huo ndio uliotufaa sisi huku. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, mtandao wa Kenya ulipita kwenye setilaiti iliyoko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka ni robo sekunde, na jibu lirudi ni robo nyingine. Kwa simu ya sauti hiyo ni karaha, mnakanyagana maneno. Kwa maandishi huwezi hata kutambua. Modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde ilipitisha ujumbe mzima wa baiti 512 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, wakati picha moja ya kilobaiti 100 ilikuchukua nusu dakika ukiitazama ikishuka kama pazia. Saiba niliyoizoea ilitoza shilingi moja kwa dakika. Mwenye shilingi 30 hakuangalia picha. Aliongea.

Lakini je, porojo hizo ziliwahi kumfaa mtu? Januari 1991, vita vya Ghuba vilipoanza, watu wa IRC walikusanyika katika chumba kilichoitwa +report. Makombora ya Scud yalipoanguka Israeli, waliokuwa huko walichapa yanayotokea ving'ora vikiwa bado vinalia, na wenzao duniani wakasoma wakati huo huo. Agosti mwaka huo huo, wanajeshi na vigogo walipojaribu kumpindua Gorbachev kule Moscow, habari zilipita tena njia hiyo. Kumbukumbu za maongezi hayo zimehifadhiwa hadi leo, nimezisoma. Kinachonigusa ni kwamba hakuna aliyejenga chumba cha dharura. Watu walikuwa wamezoea kuingia kila siku kuongea upuuzi, kwa hivyo siku ya habari nzito ilipofika, walikuwapo. Na kwa kuwa walikuwa wamezoeana, walijua nani ni mtu wa chumvi nyingi na nani akisema kitu ukiamini. Imani hiyo huwezi kuisakinisha siku ya mkasa. Inajengwa na mafua na bei ya unga.

Hivyo ndivyo nilivyoamini pia kuhusu chumba chetu. Tulikuwa kama watu thelathini hivi. Mmoja wao alifanya kazi ya usiku Marekani, na saa nne asubuhi ya Nairobi kwake ilikuwa usiku wa manane, saa za kupigana na usingizi. Alituuliza tumekula nini, nasi tulimtajia sukuma wiki kwa makusudi ili tumtese. Kwa karibu miaka 5 tuliongea naye siku nyingi kuliko nilivyoongea na ndugu zangu. Hatukujua jina lake wala kabila lake. Lakabu ilifanya kazi yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio zikawa na tahadhari, na kila mtu akakimbilia mtandaoni kuuliza hali. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Yule mwenzetu aliingia chumbani siku za mwanzo za Januari akauliza kama kuna anayejua hali ya barabara ya kwenda kwao, akataja jina la kijiji. Hilo tu. Kwa jina la kijiji, kila mtu akajua ni wa wapi.

Kulikuwa na watatu walioanza. Maneno yao yako kwenye faili na sitayarudia hapa. Aliwajibu, na jibu lake nalo halikuwa zuri. Mimi nilikuwa na alama ya @. Nilijiambia natuliza chumba, nikamfukuza yeye. Si wale watatu, yeye. Saa iliyo kwenye mstari huo ni 10:52 asubuhi, kwa hivyo huko aliko ilikuwa usiku, na alikuwa bado hajapata habari ya watu wake. Faili ya mwisho inaishia hapo kwa sababu baada ya siku hiyo sikuona haja ya kuhifadhi nyingine.

Mwezi huo huo palikuwa na mtu mwingine mwenye mamlaka kama yangu, ila kwa umati mkubwa. Mashada ilikuwa mojawapo ya baraza kubwa kabisa za Wakenya mtandaoni, na watu waliokuwa wakitaniana humo kuhusu mpira na wasanii walikuwa wakitukanana kwa makabila. Mwishoni mwa Januari 2008 mwanzilishi wake, David Kobia, aliifunga. Hakuchagua upande wa kufukuza, alizima taa kwa wote. Kisha akafungua nyingine iliyoitwa I Have No Tribe, na alikuwa pia mmoja wa walioandika Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za ghasia kwenye ramani, ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi duniani.

Nimelifikiria hili juma zima. Mazoea ya miaka 5 yalikuwa ya kweli, sitaki kusema yalikuwa bandia. Lakini kosa letu ni kudhani kwamba kwa kuwa tumezoeana, baraza halihitaji mwenyewe. Kule kijijini baraza lina mzee anayejua ni lini atasema "hapo basi", na anamwambia mwenye kosa. Itifaki ya IRC ilinipa amri ya kufukuza, haikunipa uzee huo.

Siku hizi porojo zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mtu ameingia na nambari yake ya simu, mara nyingi na jina lake pia. Kijiji chako kinajulikana kabla hujasema lolote. Gumzo nyingi za zamani zimefungwa: AIM ilizimwa Desemba 2017, Yahoo Messenger Julai 2018. IRC yenyewe bado ipo, ukitaka ingia leo. Nilijaribu. Chumba chetu kiko tupu, na lakabu ya yule mwenzetu iko huru, yeyote anaweza kuichukua. Sikuichukua.

Kwa hivyo kama uliwahi kufanya kazi ya usiku Marekani, na kuna mtu aliyekutesa kwa sukuma wiki, na asubuhi moja akakufungia mlango ukiuliza habari za kwenu: nilikosea. Natumaini barabara ilikuwa wazi. Anwani yangu ya barua pepe iko hapo pembeni.

Nanyi wengine, kama wewe ndiye msimamizi wa kundi lolote, la ukoo, la chama au la mpira, soma mistari mitatu iliyo juu ya ile iliyokukasirisha kabla ya kumwondoa mtu.

Alamsiki.