Ukitafuna Barafu Kila Siku, Angalia Meno na Upime Damu

Kaskazi ikiingia, nyumba nyingi hapa Pwani hujaza barafu kwenye friji. Kuitia kwenye juisi ya ukwaju hakuna neno. Ninalolisemea ni lile la mtu kumaliza juisi kisha akaanza kutafuna vipande vilivyobaki kwenye bilauri, kra kra, kama anayetafuna bisi.

Jino limefunikwa na tabaka liitwalo enameli. Ndiyo ngumu kuliko kitu chochote mwilini, hata mfupa haiifikii, lakini ugumu wake ni kama wa kigae: haipindi, hupasuka. Tena haina seli hai. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikitoka imetoka. Barafu huiwekea nyufa ndogo zisizoonekana, nazo huendelea kukua, mpaka siku unauma mkate wa kumimina na kipande cha jino kinabaki mdomoni. Wenye meno yaliyozibwa wamo hatarini zaidi, kwani baridi huweza kulegeza kizibo.

Sasa wengi hawajui hili: hamu ya barafu isiyokwisha huweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, ambao huleta upungufu wa damu. Huwapata sana wajawazito na wanawake wenye hedhi nzito. Mtaani kwetu mama mjamzito akitafuna barafu tunacheka, tunasema ni mimba tu, kama tunavyosema akila udongo. Mimi naona kicheko hicho kinatuchelewesha. Akiwa pia anachoka haraka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, au viganja vimepauka, apelekwe akapimwe damu. Ikithibitika atapewa vidonge vya chuma, na wengi hamu huwatoka hata kabla damu haijarudi sawa. Asijinunulie ovyo, maana madini hayo yakizidi nayo hudhuru. Wala asivimeze kwa chai, ndugu zangu, na najua chai kwetu ni asubuhi na jioni. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Maji ya ndimu au chungwa ni bora.

Jino likikushtua unapouma au kunywa baridi, usingoje livimbe. Ufa mdogo daktari wa meno huuziba au hulivisha jino kofia. Ukifika kwenye mzizi, mara nyingi ni kung'oa. Na asiyeweza kuacha barafu kwa siku moja, basi aiache iyeyuke mdomoni bila kuiuma.