Bundi Asiyenena: Mnyama na Kicheko katika Hadithi za Watoto, kutoka Seton hadi Mowat

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika amemzoea mnyama anenaye. Sungura hudanganya, Fisi hulalama, Simba hutoa hukumu, na msikilizaji, awe mkubwa au mdogo, hahitaji kuambiwa kwamba wanaozungumziwa ni binadamu waliovikwa ngozi. Katika Swahili Tales, mkusanyo wa ngano za Unguja uliotolewa na Edward Steere mwaka 1870, kima aliyefanya urafiki na papa hujiokoa baharini kwa ufasaha wake tu. Humweleza papa kwamba moyo ameuacha mtini, na papa husadiki. Asingekuwa na ulimi, asingekuwa na maisha.

Ipo aina nyingine ya hadithi za watoto ambayo mnyama wake hasemi neno lolote tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hata hivyo huchekesha kuliko wengi wasemao. Hizo ni hadithi za mtoto anayekulia katika nyumba iliyojaa wanyama, na wasomaji wake hasa ni watoto wa miaka 8 hadi 12. Mfano wake mmoja ulio bora ni Owls in the Family, kitabu cha Mkanada Farley Mowat kilichotoka mwaka 1961. Makala haya yanakusudia kuifuata historia iliyokizaa kitabu hicho, na kuonyesha kwamba kicheko chake hakikuzuka hivi hivi. Kilitanguliwa na mabishano marefu juu ya ukweli wa mnyama katika maandishi, na kilipatikana pale mnyama aliponyimwa ulimi na mwandishi akakubali kutomjua. Jambo hilo lina maana kwa wale wanaofundisha na kuandika fasihi ya watoto ya Kiswahili.

Mnyama wa kweli na ugomvi wake

Mwaka 1898 Ernest Thompson Seton, aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Kanada, alichapisha Wild Animals I Have Known. Miaka minne baadaye Charles G. D. Roberts, mshairi wa New Brunswick, alitoa The Kindred of the Wild. Waandishi hawa wawili waliipa kisogo hurafa. Mnyama wao hakuwa mfano wa mwenye choyo au mwenye hila. Alikuwa kiumbe chenye maisha yake, jina lake na mauti yake. Mauti hasa, kwa kuwa Seton alishikilia kwamba maisha ya mnyama wa porini hayana mwisho mwema, na aghalabu hadithi zake hufungwa na mtego au risasi. Lobo, mbwamwitu maarufu wa kitabu chake, alitegwa na Seton mwenyewe huko New Mexico.

Hata hivyo waandishi hao hawakuweza kujizuia kuingia katika kichwa cha mnyama na kutoka na habari. Mnyama hakusema, lakini mwandishi alimsemea: aliwaza, alikumbuka, alifundisha wanawe kama mwalimu darasani. Mwaka 1903 John Burroughs, mtaalamu wa mambo ya viumbe, aliwashambulia Seton na wenzake katika jarida la Atlantic Monthly, akidai kwamba wanauza uzushi kwa jina la elimu. Ugomvi ukaendelea miaka kadhaa, hata mwaka 1907 Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, akauingilia hadharani upande wa Burroughs. Roosevelt huyo ndiye aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya uwindaji, ambamo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Bingwa wa ukweli wa wanyama alikuwa na njia yake ya kuuthibitisha.

Ugomvi huo uliwaacha waandishi mahali pembamba. Wakimpa mnyama akili ya mtu, wataitwa waongo. Wakimnyima, watasimulia nini? Jibu mojawapo lilipatikana nusu karne baadaye. Acha akili ya mnyama ifungwe kama ilivyo, kisha usimulie kinachowapata watu wa nyumba aliyoingia.

Nyumba ya Saskatoon

Mowat alizaliwa Belleville, Ontario, mwaka 1921. Mwaka 1933 jamaa yake walihamia Saskatoon, kwenye nyanda za magharibi, ambako baba yake, Angus, alikuwa amepata kazi ya ukutubi mkuu. Wakati ulikuwa mbaya. Msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umewafilisi wakulima wengi, na ukame ukauacha udongo wa mashamba uchukuliwe na upepo. Hali hiyo haielezwi kwa kirefu katika vitabu vyake vya kuchekesha, lakini imo. Katika The Dog Who Wouldn't Be, kilichotoka mwaka 1957, mtoto mmoja anabisha mlangoni akiuza vifaranga vya bata, na mama mwenye nyumba ananunua, badala ya bata, mbwa mdogo kwa senti 4. Baba alikuwa akipanga kununua mbwa wa kuwindia wa bei kubwa. Mama ameokoa fedha, na nyumba imepata Mutt, kiumbe asiyekubali kabisa kwamba yeye ni mbwa. Ndani ya biashara hiyo ya senti 4 msomaji anakiona kicheko, na anaiona pia njaa ya nyanda hizo, wala mwandishi hakulazimika kuhubiri.

Owls in the Family inachukua sehemu ya maisha hayohayo na kuwapa watoto. Msimulizi, kijana aitwaye Billy, tayari anafuga panya weupe na nyoka wasio na sumu. Kinda la bundi linaokotwa baada ya dhoruba kuangusha kiota. La pili linapatikana kwa njia ya aibu: watoto wawili wamelitia ndani ya pipa la mafuta na wanalitesa, na Billy analikomboa kwa kutoa kisu chake cha skauti. Hao ni bundi wakubwa wa Amerika, wenye vishungi viwili kichwani mfano wa pembe. Wa kwanza anaitwa Wol, wa pili Weeps.

Jina la Wol lastahili kuangaliwa. Limetoka katika Winnie-the-Pooh, kitabu cha A. A. Milne cha mwaka 1926, ambamo Bundi ajionaye msomi hulikosea jina lake mwenyewe anapoliandika. Basi bundi wa Mowat amerithi jina la bundi msemaji, lakini hakurithi usemi wake. Mtu angeweza kusema kwamba katika jina hilo moja fasihi ya zamani imepokezana zamu na mpya.

Mkalimani wa nyumba

Wol hafanyi hila. Hapa ndipo anapoachana na Sungura. Sungura hushinda kwa sababu amekusudia kushinda. Wol huleta fujo kwa sababu ni bundi aliyelelewa na watu. Hubana mkia wa Mutt aliyelala usingizi. Hufuata watoto shuleni. Huwinda mnyama mdogo mwenye uvundo mkali, mfano wa kicheche wa huku kwetu, na kumleta mezani wakati wa chakula kama awindaye kwa ajili ya jamaa yake. Kwa bundi hakuna kosa lolote lililotendeka. Kwa wenye nyumba chakula kimeharibika na nguo hazivaliki. Kicheko kinatoka katika pengo lililopo kati ya desturi mbili, kila moja ikiwa sahihi kwake.

Mtoto anasimama katikati ya pengo hilo. Yeye peke yake anafahamu kidogo desturi za pande zote mbili, na kazi yake ni kuwaeleza wakubwa kile ambacho bundi hawezi kukieleza. Kwa hakika mtoto wa hadithi hizi ni mkalimani, tena mkalimani wa kiumbe kisicho na lugha. Kukua kwake ni kujifunza mipaka ya ukalimani huo. Kwa hiyo Weeps ni wa lazima katika kitabu. Hakupona hofu aliyoingizwa ndani ya pipa, wala hakupata kuruka. Hakuna maneno ya mtoto yanayoweza kumfikia huko aliko. Angeondolewa, kitabu kingebaki mkusanyo wa visa vya kuchekesha tu. Akiwepo, kila kisa cha Wol kina kivuli pembeni.

Tofauti ya vitabu viwili vya Mowat yathibitisha jinsi alivyopima umri wa msomaji. Kile cha mwaka 1957 humalizika kwa kifo cha Mutt aliyegongwa na gari barabarani. Seton angekitambua mwisho huo. Kile cha watoto humalizika kwa kuhama. Jamaa wanaondoka Saskatoon, na bundi wanabaki hai mikononi mwa rafiki. Mowat hakumficha mtoto huzuni. Alimpa huzuni ya kuagana mahali pa huzuni ya kufiwa.

Baada ya vita

Haifai kuisahau tarehe ya kuandikwa. Mowat alipigana katika Vita vya Pili vya Dunia, akafika Sicily Julai 1943 na kikosi cha Hastings and Prince Edward, na mambo aliyoyaona Italia hakuyachapisha kwa ukamilifu hadi mwaka 1979 katika And No Birds Sang. Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Mutt, Gerald Durrell alikuwa ametoa My Family and Other Animals, kumbukumbu za utoto wake katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, kati ya miaka 1935 na 1939. Wote wawili waliuangalia muongo wa 1930 kutoka ng'ambo ya pili ya vita, na wote wawili waliona nyumba iliyojaa watu, fujo na wanyama. Kicheko chao ni cha watu wanaokumbuka kitu kilichovunjika.

Kumbukumbu hiyo ina bei yake. Mowat aliyaita maandishi yake kwa jina lenye maana ya habari za kweli zilizopitia nafsi ya mwandishi, na mwaka 1996 John Goddard alimshutumu katika jarida la Saturday Night kwamba vitabu vyake vya kaskazini havikufuata matukio. Ugomvi wa Burroughs ulikuwa umerudi. Lakini Owls in the Family haikuguswa sana, na sababu yaweza kuonekana: kitabu hicho hakidai kujua lililo moyoni mwa bundi.

Hitimisho

Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha bundi, Joy Adamson alichapisha Born Free, habari za simba jike Elsa aliyelelewa na watu huku Kenya. Simba yule naye hasemi. Kitabu kilisifika duniani, lakini hakikuwa cha kuchekesha wala hakikusimuliwa na mtoto wa nchi hii. Katika vitabu vya Kiswahili vya miaka hiyo, mnyama anenaye ndiye aliyeshika nafasi ya mbele, kuanzia Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940 hadi Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967.

Je, Kiswahili hakina asili ya mnyama asiyesema? Kinayo, ila haimo katika ngano. Imo katika methali. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," "Fahali wawili hawakai zizi moja," "Ng'ombe haelemewi na nunduye": hapa hakuna kuku msemaji wala ng'ombe mwenye hotuba. Yuko mtu aliyekaa uani akatazama vizuri, akamwachia mnyama unyama wake na kuchukua maana yake mwenyewe. Mtoto anayechunga mbuzi baada ya shule ana utazamaji huohuo.

Ugumu upo. Bundi akilia juu ya paa la Mswahili, wengi husema kwamba ametabiri kifo. Kumweka mezani kama ndugu ni jambo ambalo tafsiri tupu haiwezi kulifanya. Lakini huenda ugumu huo ndio utajiri wenyewe. Nyumba ambayo bibi humwogopa bundi na mjukuu humfuga inalo lile pengo la desturi mbili ambalo Mowat alilipata Saskatoon, tena lenye kina zaidi, kwa kuwa hofu ya bibi si mzaha. Mwandishi atakayeliingia itambidi awaheshimu wote watatu: bibi, mjukuu, na bundi asiyejua kwamba anazungumziwa.