Barafu ya Mpemba na Maoni ya Kijiweni

Kijiwe chetu kina ratiba yake. Asubuhi mpira, mchana siasa, jioni maisha magumu. Lakini ikiingia habari ya sayansi ratiba inavunjika, maana hapo kila mtu ni profesa. Binadamu alitua mwezini mwaka 1969? Yupo atakayekuapia kwamba picha zile zilipigwa jangwani. Simu za mkononi? Yupo atakayekueleza jinsi zinavyokausha ubongo, na huku anakueleza ameishika yake sikioni. Mimi mwenyewe simo nje ya kundi hilo. Nilimaliza kidato cha nne, fizikia nikaiacha getini mwa shule, lakini maoni sikuacha.

Sasa siku moja jamaa mmoja akasoma kwenye simu yake kwamba wanasayansi wa ng'ambo bado wanahangaika na kitu kinachoitwa athari ya Mpemba, yaani maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi. Weee! Pakawaka. Wa kwanza akasema haiwezekani, huo ni uzushi wa mtandaoni. Wa pili akasema inawezekana sana, kwani Wapemba kwa biashara ndio wenyewe, wanajua siri nyingi na barafu ni mojawapo. Wa tatu akamkatiza: si Mpemba wa Pemba bwana, ni mtu wa huku bara aliyeitwa Mpemba, aligundua jambo kubwa na Wazungu wakamwibia. Tulibishana hadi chai ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo lenyewe lilianzaje.

Wa tatu alikaribia. Lakini hakuna aliyeibiwa, na kisa kamili, ndugu msomaji, ni kitamu kuliko ubishi wetu.

Mwaka ulikuwa 1963. Tanganyika ilikuwa huru, Muungano haujazaliwa. Katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko milimani Lushoto ambako baridi haihitaji friji, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa na mchezo wao wa kutengeneza askrimu. Wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanaweka kwenye friji ya shule. Kupoza kwanza ilikuwa sheria. Kila mwenye friji anaijua hadi leo: cha moto hakiingii humo, utaiua mashine.

Shida ilikuwa nafasi. Friji moja, vijana wengi, na aliyechelewa alikula kwa macho. Siku hiyo mwenzake mmoja akaona akichemsha atapitwa, akachanganya maziwa mabichi na sukari na kuyawahisha ndani. Mpemba alikuwa ameshachemsha yake. Akatazama maziwa yanavyofuka, akatazama nafasi inavyokwisha, akaamua liwalo na liwe. Akatia maziwa ya moto kwenye friji. Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mimi hupenda kusimama kidogo mbele ya friji hiyo. Wangapi wamefungua friji wakaona jambo la ajabu, wakala askrimu yao wakaenda kulala? Mpemba alikwenda kumwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba haiwezekani, amechanganyikiwa. Basi kijana akakubali. Mwalimu ni mwalimu.

Lakini swali halikumtoka. Likizo moja alikutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza askrimu na kuuza. Akamwuliza anavyofanya. Yule muuzaji akamwambia kwamba huyaweka maziwa yakiwa ya moto, kwa sababu huganda upesi zaidi, na kwamba ujanja huo alifundishwa na kaka yake. Hapo pananigusa kuliko pote. Kumbe mtaani habari hiyo ilikuwa inatumika kupatia riziki, wakati darasani ilikuwa imekwisha kukanushwa. Wauza askrimu wa Tanga hawakuwa na hoja wala nadharia. Walikuwa na wateja wanaosubiri.

Mpemba akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kusoma kidato cha tano. Mada mojawapo ya mwanzo ilikuwa joto, na walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, yule kijana akanyosha mkono. Akauliza lilelile la Magamba. Mwalimu akambishia, na mwisho akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaanguka kicheko. Tangu hapo akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Aliyewahi kubandikwa jina shuleni anajua uzito wa mzaha wa namna hii. Haukuachi bwenini wala bwaloni.

Alichofanya kijana ni kuingia maabara ya biolojia siku alipoikuta wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friji. Matokeo hayakuwa safi sana, lakini katika ile ya moto aliona barafu nyingi zaidi. Akanyamaza, akisubiri mtu wa kumwuliza.

Mtu huyo akaja. Dakta Denis Osborne alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku hizo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mkuu wa shule alimwalika azungumze na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Mada nzito, ya heshima, ya enzi zake. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama: ukichukua bika mbili zenye maji sawasawa, moja ya nyuzi 35 na nyingine ya nyuzi 100, ukazitia pamoja kwenye friza, ile ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Wengine walimlaumu baadaye kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne naye, kwa maandishi yake mwenyewe, aliona kwamba kijana amekosea. Hilo tusilisahau tunapompamba. Maoni yake ya kwanza yalikuwa yaleyale ya wale walimu wawili. Tofauti ni kwamba alimwuliza kama ameyafanya kweli, na alipojibiwa ndiyo, akaahidi kwenda kujaribu.

Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Kila nikifika hapo nacheka peke yangu. Huyo fundi ni wa kijiwe chetu kabisa. Basi wakarudia, na jibu sahihi likakataa kuja.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, majina yote mawili juu, la Mpemba likitangulia. Basi hadithi ya kuibiwa inaishia hapo. Katika majaribio ya Osborne maji yaliyoanza yakiwa na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi. Walimwaga hata mafuta juu ya maji ili kuzuia mvuke, na kuganda kukachelewa sana, dalili kwamba joto jingi hutokea kwa juu. Osborne akaongeza onyo dhidi ya fizikia ya amri, ile ambayo mkubwa akishasema haiwezekani basi imekwisha. Mwaka huohuo, bila kuwajua hawa wa kwetu, mtafiti wa Canada aitwaye Kell alichapisha makala juu ya jambo lilelile. Huko Canada watu wa kawaida walikuwa wakiambizana usioshe gari kwa maji ya moto wakati wa baridi kali, yataganda upesi. Kumbe na wao wana vijiwe.

Tena wazee walikuwa wametangulia zamani. Aristotle wa Ugiriki aliwaandika wavuvi waliotumia maji ya moto ili barafu ishike upesi kwenye matete yao. Bacon na Descartes nao waligusia. Halafu sayansi ya joto ikakua, ikapata kanuni nzuri, na habari hiyo ikaonekana ya kishamba mpaka ilipofufuliwa na kijana mwenye njaa ya askrimu.

Wakati makala inatoka Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Kazi yake ya maisha ikawa wanyamapori. Narudia kwa ajili ya sisi tulioishia njiani: mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya fizikia duniani hakupata kuwa mwanafizikia.

Je, ni kweli lakini? Hapa ndipo maoni yalipoanza upya, safari hii ya wenye digrii. Mmoja akasema maji ya moto hupungua kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki kuganda ni machache. Mwingine akasema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo. Mwingine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo hutoka yakichemshwa. Mwingine akasema chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu kilipokalia, kikashikana vizuri na chuma baridi cha friji. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora. Yakamiminika majibu zaidi ya 22,000. Elfu ishirini na mbili! Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, na hata yeye hakulifunga jalada.

Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, wakapima kwa makini na kupitia kazi za watangulizi, wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa kabla ya ya baridi. Walionyesha kwamba ukihamisha kipimajoto kwa sentimeta moja tu unaweza kujidanganya. Lakini wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri, si muda wa kuganda, na wapinzani wao wakalishikilia hilo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo sana za kioo ndani ya maji, bila friji wala barafu, wakaliita kwa jina la Mpemba. Siku hizi jina hilo limeingia hata katika fizikia ya atomu mojamoja. Kwa hiyo mwenzangu wa kijiweni anayesema "tulithibitisha" anasema kupita kiasi, na yule anayesema "uzushi" naye vilevile. Najua kwamba kusema hivi hakushangiliwi.

Basi nami nikaona nisiwe mtu wa maneno. Jirani yetu mama mmoja anauza barafu za ubuyu na ukwaju, ana friza kubwa. Nikaenda na makopo mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo linalofuka ni la nini?"

Nikamweleza. Akanitazama kama mwalimu wa Magamba. Cha moto hakiingii humu, akasema, kitaniyeyushia barafu za watoto, na luku utalipa wewe? Nikasema nitalipa. Tena nikalipa.

Mara ya kwanza kopo la moto ndilo lililotangulia kushika barafu. Nilipiga kelele hadi watoto wakakimbilia ndani. Mara ya pili likatangulia la baridi. Mara ya tatu umeme ukakatika, ukarudi usiku, na mimi nikajikuta mnunuzi wa barafu kumi na nane zilizolegea. Nikazipeleka kijiweni. Tukazila harakaharaka, ubuyu ukitiririka viganjani, na wenzangu wakatoa hukumu: moja moja, mechi droo.

Ila yule wa kwanza, yule aliyesema ni uzushi wa mtandaoni, alikuwa kimya. Akamaliza barafu yake, akakunja kifuko.

"Maji yalikuwa sawasawa?"

Nikasema kwa macho yalikuwa sawa.

"Nyuzi ngapi?"

Kipimajoto sina.

"Dakika ngapi? Uliandika?"

Sikuandika. Akacheka, lakini si kile kicheko cha Mkwawa. Akasema ana saa yenye kuhesabu dakika, na dada yake anafanya kazi zahanati, huenda akapata kipimajoto kibovu-kibovu. Swali likabaki ni nani kati yetu atakayekwenda kumwomba tena mama wa friza.