Jinsi ya kuprogramu redio ya mkononi bila kuiharibu

Redio ndogo ya mkononi kama Baofeng UV-5R ni maarufu kwa wapenzi wa redio za ridhaa, yaani wanaowasiliana hewani kwa kujifunza na kujifurahisha, si kwa biashara. Ikiwa mpya, haina chaneli unazozitaka. Lazima uziweke mwenyewe.

Unahitaji nini?
Kompyuta, waya wa kuprogramu wenye USB, na CHIRP, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux.

Hatua kwa hatua
1. Zima redio, chomeka waya mpaka mwisho, kisha iwashe. Waya ukilegea, kompyuta haitaiona redio.
2. Fungua CHIRP, chagua aina ya redio, halafu soma kwanza kilichomo ndani yake.
3. Hifadhi faili hilo, usiliguse. Mambo yakiharibika, ndilo litakalokuokoa.
4. Tengeneza nakala, jaza chaneli humo, kisha ipeleke kwenye redio. UV-5R inabeba chaneli 128.

Ripita isikuchanganye
Ripita ni mtambo unaowekwa mahali pa juu. Unapokea sauti yako kwenye masafa fulani na kuirusha mbali zaidi kwa masafa mengine. Jaza vitu vitatu: masafa ya kusikilizia, tofauti ya kurushia na toni.

Mfano, ripita inasikika 145.600 MHz na tofauti ni kasoro 600 kHz. Wewe utarusha kwenye 145.000 MHz. Toni inaweza kuwa 88.5 Hz.

Unawasikia wenzako vizuri lakini hawakujibu? Kagua toni na tofauti kwanza kabla ya kulaumu betri.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuongea
Redio hii inaweza kurusha hata kwenye masafa ya watu wengine, yakiwemo ya huduma za dharura. Kuweza si kuruhusiwa. Kurusha kwenye masafa ya ridhaa kunahitaji leseni: Tanzania inatolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Ukipewa, utapata na jina lako la hewani, ambalo kwa kawaida huanza na 5H kwa Tanzania na 5Z kwa Kenya.

Chaneli usiyoruhusiwa kurusha, kwenye safu ya Duplex ya CHIRP chagua off. Hata ukibonyeza kwa bahati mbaya, redio haitarusha.