Memori kadi iliyogoma Biharamulo

Nilikuwa wilayani Ngara, nikiwarekodi wazee wa Kasulo wanaokumbuka mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Mazungumzo yote, saa sita nzima, yalikuwa kwenye memori kadi moja ya GB 8. Moja tu! Najua, nichekeni.

Nilipofika Biharamulo nikaichomeka kwenye laptopu kuukuu niliyorithi, yenye Linux ya mwaka 2006. Kimya. Fundi mmoja akanishauri, "Kaka, hii imekufa. Tuiformati uanze upya." Jasho likanitoka. Mzee mmoja nilimrekodi akiwa mgonjwa sana; nisingeweza kurudi kumwomba asimulie tena.

Nikakataa. Usiku huo nikakesha nasoma kwenye simu historia ya kitu ambacho sikuwahi kukifikiria.

Kadi za SD zilitangazwa mwaka 1999 na Matsushita, SanDisk na Toshiba. Kompyuta iliomba data kwa kutaja namba ya baiti, na namba hiyo ilikuwa ya biti 32. Ukipiga hesabu, inaishia GB 4. Mwaka 2006 ukaja utaratibu wa SDHC, unaofika GB 32, ambao huhesabu mafungu ya baiti 512 badala ya baiti moja moja. Ili pasiwe na kuchanganyana, kompyuta lazima kwanza ipige hodi na kusema kwamba inaujua utaratibu mpya. Isipofanya hivyo, kadi haifungui mlango.

Kumbe tatizo langu lilikuwa hapo! Kiendeshi, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, kiliandikwa kabla ya hodi hiyo. Upande wa Linux kazi hii ilikuwa chini ya Pierre Ossman, na mwaka 2007 yakaingizwa marekebisho ya Philip Langdale: hodi ikaongezwa, na hesabu ya anwani ikabadilishwa. Hapakuwa na haja ya kununua kifaa kipya.

Asubuhi nikaazima flashi yenye Linux mpya, nikaiwasha laptopu ileile. Kadi ikafunguka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya yule mzee, akikohoa, kisha akianza kutaja familia alizozigawia maji.

Desemba 1996 serikali yetu iliwaagiza wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kuisha, na wengi wetu wa mijini tunadhani habari iliishia hapo. Haikuishia hapo. Wazee wa Ngara wanakumbuka kila kitu. Sisi ndio hatujaenda kuwapigia hodi.

Basi ukiambiwa kitu kimekufa, jaribu kwanza kukisoma kwa njia nyingine. Na tafadhali, weka nakala mbili.