'Nilianza na laki moja tu': Jinsi ya kumpima 'mtaalamu' wa mtandaoni kabla hujatuma hela

Video yenyewe haizidi dakika moja. Kijana ameegemea gari jeupe, simu mkononi. Anasimulia kuwa mwaka jana alikuwa amepanga chumba kimoja na alianza na laki moja tu. Leo anaingiza mamilioni kwa wiki kupitia biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, yaani foreksi. Inapita picha ya skrini yenye faida ya maelfu ya dola. Mwisho: "Nafasi za darasa zimebaki 10, njoo inbox."

Huenda anasema kweli. Lakini ndani ya video hiyo hakuna kitu hata kimoja kinachothibitisha. Gari linakodishwa, nyumba inaazimwa kwa ajili ya picha, na namba kwenye skrini zinatengenezwa.

Haya ndiyo maswali ya kujiuliza kabla ada ya darasa, au mtaji wa duka, haujaondoka kwenye simu yako.

1. Hela yake inatoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza. Je, anapata hela kwa kufanya hicho anachofundisha, au kwa kukufundisha wewe?

Kwenye foreksi, kampuni nyingi za udalali humlipa kamisheni mtu anayeleta wateja. Ukijisajili kupitia linki yake, naye hupata chake kila unapofanya biashara, hata kama wewe unapoteza. Ongeza ada ya darasa na malipo ya mwezi ya kundi la Telegram. Hapo mtu anaweza kununua gari kweli bila kuwahi kupata faida sokoni.

Kuuza kozi si kosa. Walimu wote hulipwa. Lakini gari lililonunuliwa kwa ada za wanafunzi si ushahidi kwamba mbinu anayofundisha inafanya kazi.

2. Walioshindwa wako wapi?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Marekani walitaka kujua ni sehemu gani za ndege za kivita ziongezewe chuma cha kinga. Mtaalamu wa takwimu Abraham Wald, aliyekuwa kwenye kundi la watafiti Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha kuwa kuangalia ndege zilizorudi pekee kunapotosha. Matundu yao yanaonyesha sehemu ambazo ndege ikipigwa bado inaweza kurudi. Zilizopigwa sehemu za hatari zaidi zilianguka, hazikuwepo za kuhesabiwa.

Mtandaoni ni vilevile. Aliyefanikiwa anarekodi video. Aliyepoteza ada ya chuo ananyamaza, wengi kwa aibu.

Kwa hiyo usiulize "nani amefanikiwa?" Uliza "kati ya wote waliojaribu, wangapi wamepoteza?" Kwa upande wa foreksi na biashara zinazofanana nayo, jibu lipo. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya aina hiyo hupoteza hela. Tangu hapo, kampuni zinazohudumia wateja wa Ulaya zinatakiwa kuandika wazi asilimia ya wateja wao wanaopoteza.

Asilimia hiyo huioni kwenye video ya gari jeupe.

3. Picha ya skrini si ushahidi

Programu za foreksi zina akaunti za majaribio, zenye pesa za kuchezea. Mtu anaweza kujipa dola 50,000 za uongo, akafungua akaunti tano, akaonyesha ile moja iliyopata faida. Picha za miamala ya simu nazo huhaririwa, na kuna programu za kazi hiyohiyo.

Kinachopima zaidi ni rekodi ya miezi mingi, yenye hasara na faida zote, na inayoweza kuhakikiwa na mtu mwingine asiye yeye. Ukiomba hiyo ukaambiwa "una mawazo ya kimaskini", umeshapata jibu lako.

4. "Lakini rafiki yangu kalipwa kweli"

Huu ndio ushuhuda unaowapiga wengi, kwa sababu rafiki hakudanganyi. Amelipwa kweli.

Watanzania wanaikumbuka DECI, ambako watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa kuvuna zaidi, hadi Serikali ilipoingilia mwaka 2009. Waliotangulia walivuna. Ndivyo upatu haramu unavyoenda: hela ya anayeingia leo inamlipa aliyeingia jana. Anayelipwa mapema anakuwa tangazo bila kujijua, na akiamini zaidi anarudisha hela zote ndani.

Swali la kuuliza hapa ni moja: kama hakuna mtu mpya atakayejiunga kuanzia kesho, faida itatoka wapi?

5. Mtaalamu wa nini hasa?

Wakati mwingine cheti ni cha kweli kabisa. Ruja Ignatova, mwanamke aliyeanzisha "sarafu" ya OneCoin mwaka 2014, alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria kutoka Ujerumani. Watu walimwita Dk Ruja na kumwamini. Lakini sheria si teknolojia ya sarafu za kidijitali, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema OneCoin haikuwa na mfumo halisi kama ule wa Bitcoin. Zaidi ya dola bilioni 4 zilikusanywa duniani, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Alitoweka Oktoba 2017, na tangu 2022 yumo kwenye orodha ya FBI ya watu 10 wanaosakwa zaidi.

Kwenye afya hatari ni kubwa zaidi. Belle Gibson wa Australia alijipatia umaarufu, programu ya simu na kitabu kwa kudai anajitibu saratani ya ubongo kwa vyakula na tiba mbadala. Mwaka 2015 alikiri hakuwahi kuwa na saratani. Mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Mgonjwa halisi anayeacha dawa kwa kufuata simulizi kama hiyo anaweza kulipa kwa uhai wake.

6. Mchunguze kwa dakika 10

Simu uliyoshika inatosha.

- Akaunti: Instagram ina sehemu ya "Kuhusu akaunti hii", na kurasa za Facebook zina sehemu ya uwazi wa ukurasa. Angalia ilifunguliwa lini na kama imebadilisha majina. Akaunti iliyokuwa ya vichekesho mwaka juzi na leo ni ya "mshauri wa uwekezaji" inahitaji maswali.
- Picha: Itafute kwa Google Lens. Nyumba "yake" inaweza kuwa ya dalali wa nchi nyingine.
- Leseni: Tanzania, masuala ya uwekezaji yako chini ya CMSA. Kenya ni CMA, ambayo pia hutoa leseni kwa madalali wa foreksi mtandaoni. Cheti cha BRELA kinaonyesha kampuni imesajiliwa, si kwamba imeruhusiwa kukusanya hela za watu.
- Afya: Tanzania, daktari awe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika na dawa iwe imesajiliwa TMDA. Kenya, madaktari wanasajiliwa na KMPDC.
- Maoni: Angalia kama anafuta maswali magumu. Sifa 200 zinazofanana kama mapacha hazihesabiki.

7. Dalili za kukimbia

Faida ya uhakika kila siku. Haraka isiyo na sababu. Kutumia namba ya mtu binafsi kupokea hela za "kampuni". Kutakiwa ulipe "kodi" ndipo utoe faida yako.

Na kama umeshatuma?

Usifute chochote. Hifadhi ujumbe, namba na kumbukumbu za miamala. Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu mara moja, kisha ripoti polisi.

Halafu kaa chonjo. Waliopigwa hutafutwa tena na "mtaalamu" mwingine anayedai anaweza kurudisha hela zao kwa ada ndogo. Naye mpime kwa maswali hayohayo, ukianza na lile la kwanza.